Sanduku la Chini

Hilo la juu liache, Mundhiri. Hilo la wapita njia.
Kimondo wa rangi, na kofia yake ya njano,
anadaka lifti, anadaka daraja, anadaka mtoto,
na ukurasa wa mwisho mji mzima unapiga makofi.
Ulimsoma huyo ukiwa na pengo la meno ya mbele,
umekaa hapo hapo penye kigae kilichopasuka,
kiyoyozi kikikudondokea shingoni.
Baisa mia kwa kitabu, na hamsini nakusamehe.

Leo vuta sanduku la chini.
Taratibu. Lina vumbi la Ruwi la miaka kumi
na mende mmoja tunayeheshimiana.

Anza na hiki. Hakina rangi hata tone.
Aliyekichora alitumia wino na, nadhani, usingizi aliokosa.
Humu Kimondo anamsikia kila anayeanguka:
fundi wa ghorofani, mlevi wa ngazini,
kikongwe aliyeteleza kwa sabuni upande wa pili wa dunia.
Anasikia mpaka anakwenda kununua pamba.
Kurasa arobaini amekaa kitandani, pamba masikioni.
Basi. Adui hayumo.
Marehemu mume wangu alikisoma, akasema hiki si cha watoto,
akavuta kiti, akakisoma tena.

Hiki kinasimuliwa na mfagiaji,
mwanamke na toroli lake.
Kila Kimondo akishapigana vioo hubaki,
na vioo havijifagii.
Uso wa shujaa huuoni humu. Unaona viatu tu,
vikipita juu ya pale alipokwisha fagia.
Ukikimaliza, hutapita tena penye mzunguko wa saa
mchana wa Juni, ukamkosa mwenye ufagio.

Hiki cha tatu sikipendi, nakwambia kweli.
Kachoka kudaka, kaamua kuzuia.
Kapiga marufuku ngazi. Kapiga marufuku roshani,
na mitende yote kaikata usawa wa goti.
Watu wazima kabisa, hakuna aliyeteguka hata kidole,
na mchoraji kawachora wote kwa rula.
Sikipendi kwa sababu, mpaka katikati,
nilikuwa upande wake.

Unasemaje? Paza sauti, cherehani ya jirani inanipoteza.

Kama kipo ambacho anachelewa.

Ah.

Ngoja nizime hiki kiyoyozi.

Baba yako alikaa juu ya paa la gari, wadi ya Amerat imeteremka,
simu ikamdumu dakika arobaini,
na helikopta ikaja kumekucha.
Yule wa sanduku la juu angefika ukurasa wa saba.
Najua. Nilimhesabia mimi pia, usiku ule,
nimesimama dirishani na tasbihi,
nikifunua kurasa ambazo sikuwa nazo.

Kipo.
Hakina jalada, usikikunje.
Kimondo anafika maji yameshapungua.
Haruki, hatamki neno, anakaa kwenye tope
na kofia ya mtu mwingine mapajani.
Kisha anakwenda kwa miguu, mchoraji hakumhurumia,
kila hatua kaipa picha yake,
mpaka kwenye mlango wa nyumba moja, anabisha,
mwanamke anafungua.

Kurasa mbili za mwisho hazimo.
Nilikinunua hivyo hivyo Matrah, chini ya mzigo wa magazeti.
Mume wangu alidai aliwahi kukiona kizima,
kwamba yule mwanamke alimkaribisha, akamwekea kahawa,
kisha akampiga kofi.
Au alimpiga kwanza. Kila mwaka alisimulia vingine,
naye alikuwa mtu wa kummalizia hadithi hata asiyemuomba.

Nenda, Maghribi inaingia, mama yako atanipigia.
Ukikimaliza nirudishie. Au usinirudishie.
Na kile cha rangi ulichokificha nyuma ya mgongo,
nimekiona tangu ulipokichukua.
Baisa mia.
Hamsini nimekusamehe.